Nairobi hadi New York: Umbali haubadiliki, saa hubadilika

Umbali kati ya Uwanja wa Kimataifa wa Ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi, na ule wa John F. Kennedy (JFK) jijini New York, Marekani, ni takriban kilomita 11,830 ukipimwa kwa njia iliyo fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Hizo ni sawa na maili 7,350, au maili za baharini 6,390 ambazo ndizo hutumiwa na marubani. Ndege isiyotua njiani huchukua takriban saa 15 kutoka Nairobi hadi New York na takriban saa 14 kurejea.

Takwimu hizo ni rahisi kukariri. Hata hivyo, msafiri anayezitegemea peke yake huenda akajikuta mashakani. Tiketi yake yaweza kuonyesha kwamba safari ya kwenda ni ya saa saba tu, na ya kurudi ni ya saa 22. Ramani iliyo ukutani itamwonyesha njia ambayo ndege haiifuati. Na ikiwa tiketi ya bei nafuu inampitisha katika nchi nyingine, kilomita zitaongezeka na saa zitaongezeka zaidi. Kwa mwanafunzi anayesubiriwa chuoni siku ya kwanza ya masomo, au jamaa aliye ughaibuni anayekimbilia mazishi nyumbani, kukosea hesabu kwa siku moja si jambo dogo.

Njia hupitia wapi

Mtu akiweka rula juu ya ramani ya kawaida na kuunganisha Nairobi na New York, mstari wake utapita Nigeria, Mali na Mauritania kabla ya kuingia katika Bahari ya Atlantiki. Lakini dunia ni mviringo, nayo ramani ni karatasi bapa. Katika kuitandaza dunia juu ya karatasi, wachoraji hulazimika kuyanyoosha maeneo yaliyo mbali na Ikweta, na mstari unaoonekana umenyooka huwa kwa hakika umezunguka.

Njia fupi ya kweli hupatikana kwa kuvuta uzi juu ya tufe la dunia. Uzi huo ukitoka Nairobi huelekea kaskazini-magharibi. Hupita Uganda, Sudan Kusini, Chad, kaskazini mwa Niger na jangwa la Sahara upande wa kusini mwa Algeria, kisha huingia Morocco. Nusu kamili ya safari huangukia karibu na mji wa Marrakesh nchini humo. Kutoka hapo uzi huingia Atlantiki, hupita jirani na visiwa vya Azores ambavyo ni milki ya Ureno, na kuendelea hadi pwani ya mashariki ya Marekani.

Tofauti ya njia hizo mbili si ndogo. Ile ya rula ina takriban kilomita 12,190, yaani zaidi ya kilomita 350 kuliko ile ya uzi. Kwa ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa, huo ni muda wa karibu dakika 24, pamoja na mafuta ya kuuendesha muda huo.

Hata njia ya uzi haifuatwi sawasawa kila siku. Marubani na wapangaji wa safari huangalia upepo, hali ya hewa na usalama wa anga za nchi zilizo njiani. Kwa mfano, vita vilipozuka nchini Sudan mnamo Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungiwa ndege za abiria na mashirika mengi yalilazimika kuizunguka. Kwa sababu hiyo, kilomita ambazo ndege huzipiga kwa kweli huwa nyingi kidogo kuliko zile zilizoandikwa vitabuni.

Saa za tiketi na saa za safari

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Tiketi haisemi uongo, lakini msomaji asiyeielewa hudanganyika. Saa zote zinazoandikwa kwenye tiketi ni saa za mahali husika: saa ya kuondoka ni ya Nairobi, na saa ya kufika ni ya New York.

Kenya hufuata wakati mmoja mwaka mzima, kwa kuwa nchi zilizo kwenye Ikweta zina mchana na usiku unaokaribia kulingana miezi yote. New York hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, jiji hilo huwa nyuma ya Nairobi kwa saa saba. Miezi iliyosalia huwa nyuma kwa saa nane.

Tuchukue mfano wa msafiri anayeondoka JKIA Jumatatu moja ya Januari, saa tano usiku. Tiketi yake itaandikwa 23:00. Ndege ikichukua saa 15, itatua wakati Nairobi ni saa nane mchana siku ya Jumanne. Lakini New York itakuwa bado saa kumi na mbili asubuhi ya Jumanne hiyo hiyo, na tiketi itaandikwa 06:00. Anayetoa 23:00 katika 06:00 hupata saa saba, naye huamini kwamba amesafiri nusu ya muda aliousafiri.

Akirudi, mambo hugeuka. Akiondoka JFK Jumanne saa sita mchana, Nairobi huwa saa mbili usiku. Baada ya saa 14 angani atatua JKIA Jumatano saa nne asubuhi. Kwenye tiketi, muda huo huonekana kama saa 22. Jamaa anayekwenda kumpokea hana budi kuangalia tarehe ya kufika wala si ya kuondoka, maana wengi hufika uwanjani siku nzima kabla ya mgeni wao.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Geuza saa ya kufika iwe ya Nairobi kwa kuongeza saba au nane kulingana na mwezi, kisha ndipo utoe saa ya kuondoka. Aidha, ni vyema kukumbuka kwamba mashirika ya ndege hutumia saa 24 zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane, ilhali Mswahili huanza kuhesabu saa zake jua linapochomoza. Saa 07:00 ya tiketi ni saa moja asubuhi, nayo 19:00 ni saa moja jioni. Anayemwandikia mzazi wake ujumbe wa "saa moja" bila kutaja asubuhi au jioni anamtafutia usumbufu.

Safari hiyo ya Januari ina ajabu nyingine. Ndege huondoka jua likiwa limezama Nairobi, ikakimbilia magharibi pamoja na usiku, na kutua New York kabla ya mapambazuko ya huko, ambayo katika mwezi huo huja baada ya saa moja asubuhi. Tangu jua limchwee Nairobi hadi limchomozee New York, msafiri huyo huwa ameishi usiku mmoja wenye zaidi ya saa ishirini.

Kwa nini kwenda ni kurefu kuliko kurudi

Umbali wa kwenda ni ule ule wa kurudi. Kinachotofautisha muda ni upepo.

Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya ndege kuundwa. Jahazi lilisubiri kaskazi ili lije kusini na likasubiri kusi ili lirudi. Upepo uliovuma kutoka mbele waliuita mbisho, na hakuna nahodha aliyeupenda. Anga za juu pia zina pepo zake. Katika latitudo za kati za kaskazini mwa dunia, upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na katika kimo cha kilomita kumi hivi hukusanyika kuwa mikondo yenye kasi ambayo wakati mwingine hupita kilomita 200 kwa saa. Mikondo hiyo hupata nguvu zaidi majira ya baridi.

Ndege inayotoka Nairobi huanza kukutana na mbisho huo katika nusu ya pili ya safari, hasa juu ya Atlantiki. Hesabu ifuatayo yatosha kuonyesha uzito wake. Nusu ya safari ni takriban kilomita 5,900. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa bila upepo wowote, nusu hiyo huchukua saa sita na nusu. Upepo wa kilomita 100 kwa saa ukivuma kutoka mbele, mwendo juu ya ardhi hushuka hadi 800 na muda hufika karibu saa saba na dakika 22. Upepo huo huo ukisukuma kutoka nyuma, mwendo hupanda hadi kilomita 1,000 na muda hupungua hadi saa tano na dakika 54. Tofauti ya kwenda na kurudi tayari ni karibu saa moja na nusu.

Ndiyo maana mashirika huandika saa za wastani tu. Siku upepo unapokuwa mpole, abiria hufika kabla ya wakati na kupongeza rubani. Siku unapokaza, huchelewa ingawa ndege iliondoka kwa wakati na haikusimama popote.

Uwanja ulio mlimani

JKIA upo mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. JFK uko kando ya maji ya Jamaica Bay, mita nne tu juu ya usawa huo. Tofauti hii ina maana kubwa kwa safari ndefu.

Hewa ya Nairobi ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na ya pwani. Mabawa hupata nguvu ya kuinua ndege kutokana na hewa, nazo injini huivuta hiyo hiyo ili kusukuma. Hewa ikiwa nyepesi, ndege huhitaji mwendo mkubwa zaidi na barabara ndefu zaidi kabla ya kupaa, la sivyo hulazimika kupunguza mizigo, abiria au mafuta. Joto huifanya hewa kuwa nyepesi zaidi. Kwa hiyo kuondoka usiku, kunapokuwa na ubaridi, huisaidia ndege iliyojaa mafuta.

Barabara ya kurukia ndege ya JKIA ina urefu wa mita 4,117. Shirika la Kenya Airways lilipoanzisha safari hii kwa ndege aina ya Boeing 787-8, yenye nafasi za abiria 234, lilieleza kwamba kila safari ingehitaji tani 85 hivi za mafuta, marubani wanne na wahudumu 12. Marubani wanne huhitajika kwa sababu wawili hawaruhusiwi kuendesha kwa muda mrefu kiasi hicho bila kupokezana na kupumzika.

Ndege ya aina hiyo huweza kwenda takriban kilomita 13,500 bila kutua. Umbali wa Nairobi hadi New York umo ndani ya uwezo huo, na akiba inayobaki ndiyo hukabiliana na mbisho, mzunguko wa kukwepa anga zilizofungwa, na mafuta ya dharura ambayo sheria hutaka yabebwe.

Safari iliyongojewa miongo

Viwanja hivi viwili vimepewa majina ya marais waliofariki wakiwa madarakani. Ule wa New York, uliojulikana sana kama Idlewild na kufunguliwa mwaka wa 1948, ulipewa jina la Kennedy mnamo Desemba 1963, mwezi mmoja baada ya kuuawa kwake. Ule wa Nairobi ulifunguliwa mwaka wa 1958 kwa jina la Embakasi, nao ukaitwa kwa jina la Mzee Kenyatta baada ya kifo chake mwaka wa 1978.

Uhusiano wa miji hiyo miwili kwa njia ya anga ulianza kabla ya majina hayo. Mnamo Septemba 1959, wanafunzi 81 kutoka Kenya walipelekwa Marekani kwa mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Mwaka uliofuata, wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kugharimia kundi jingine, na miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwa Wangari Maathai, ambaye baadaye alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004. Ndege za wakati huo zilitua mara kadhaa kujaza mafuta, na safari ilikuwa ya siku, si ya saa.

Katika miaka iliyofuata, shirika la Pan Am lilifika Nairobi kutoka New York kwa kupitia Afrika Magharibi. Mwaka wa 2009, Delta ilikuwa tayari kuanzisha safari kutoka Atlanta kupitia Dakar, lakini mnamo Juni mwaka huo mamlaka za usalama wa usafiri za Marekani ziliizuia dakika za mwisho. Kizuizi hakikuwa tena umbali, bali sheria na usalama.

Februari 2017, wasimamizi wa usafiri wa anga wa Marekani waliipandisha Kenya hadi daraja la kwanza la usalama wa anga, hatua inayoruhusu mashirika ya nchi kutuma ndege zake Marekani. Tarehe 28 Oktoba 2018, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta aliiaga ndege ya kwanza ya moja kwa moja kutoka JKIA. Safari hiyo ilikatizwa na janga la Covid-19 mwaka wa 2020 kabla ya kurejelewa, na idadi ya safari kwa wiki imekuwa ikibadilika kulingana na msimu.

Kupitia kwingine

Wasafiri wengi bado hupitia Ulaya au Ghuba, mara nyingi kwa sababu ya bei. Nairobi hadi uwanja wa Heathrow, London, ni takriban kilomita 6,840, na kutoka hapo hadi JFK ni 5,540. Jumla ni kilomita 12,380, ambazo ni 550 tu zaidi ya njia fupi. Kutoka Nairobi hadi Dubai ni kilomita 3,550, lakini Dubai hadi JFK ni 11,020. Jumla ni kilomita 14,570. Msafiri wa Dubai huenda kwanza mashariki, kisha huanza safari inayokaribia kuwa ndefu kama ile ambayo angeianza akiwa Nairobi.

Hata hivyo, kilomita si mzigo mkuu wa njia hizi. Mzigo ni kungoja. Anayepitia London hukaa angani takriban saa 17, na akingoja saa nne kati ya ndege mbili safari yake hufika saa 21. Akikosa ndege ya pili, hulala uwanjani au hotelini. Baadhi ya nchi pia hudai viza hata kwa anayepita tu bila kutoka uwanjani, na masharti hayo hubadilika. Ni busara kuyathibitisha kabla ya kulipa, kwa kuwa tiketi ya bei nafuu iliyokataliwa kwenye kaunta ni ghali kuliko zote.

Mwili wa msafiri

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeeleza kwamba hatari ya damu kuganda mishipani huongezeka takriban maradufu kwa anayeketi safarini kwa saa nne au zaidi. Hatari yenyewe ni ndogo kwa mtu mwenye afya, lakini safari hii ni karibu mara nne ya muda huo. Inafaa kusimama na kutembea ndani ya ndege, kukunja na kunyoosha miguu na kunywa maji. Wajawazito, waliofanyiwa upasuaji karibuni na waliowahi kupatwa na tatizo hilo wanapaswa kumwona daktari kabla ya kusafiri. Kadhalika anayemeza dawa kwa saa maalumu, kama vile mgonjwa wa kisukari, hana budi kupangiwa na daktari jinsi ya kuvuka tofauti ya saa saba au nane.

Kwa upande mmoja, mkazi wa Nairobi ana nafuu. Ndani ya Boeing 787, hewa hudhibitiwa isiwe nyepesi kuliko ile ya kimo cha mita 1,800. Hicho ndicho kimo cha Nairobi yenyewe, hivi kwamba mapafu yake hayataona ugeni wowote.

Usingizi ni jambo jingine. Kwa kawaida mwili huhitaji takriban siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti, na kurudi mashariki huwa kugumu kuliko kwenda magharibi. Mwenye mtihani, mahojiano au mkutano muhimu hafai kupanga afike asubuhi ya siku hiyo hiyo.

Hesabu ya mlango hadi mlango

Ndege ndefu zaidi zimekuwapo. Safari ya Singapore hadi JFK ina takriban kilomita 15,300 na huchukua zaidi ya saa 18. Lakini kwa msafiri wa Kenya, hesabu yenye manufaa si ya angani pekee. Kwa safari ya Marekani hutakiwa kufika JKIA saa tatu au nne mapema kwa sababu ya ukaguzi. Anayetoka Kakamega au Garissa ataongeza muda wa basi na ule wa kupumzika. Akitua, ataongeza foleni ya uhamiaji, mizigo na usafiri wa mjini.

Kwa hiyo anayeambiwa safari ni ya saa 15 na aandae saa 24 kutoka mlango wa nyumba yake hadi mlango wa mwenyeji wake. Akipitia nchi nyingine, aandae siku moja na nusu. Na kabla ya kumtumia jamaa habari za kufika, asome tena tarehe iliyo kwenye tiketi, aongeze au atoe zile saa saba au nane, kisha ndipo aiandike.